Ukumbi aliponguruma Grogan

Mtu wa Kisii akisafiri kwenda Nairobi kwa basi la usiku hufika kabla jua halijachomoza, naye hushukia sehemu za chini za mji, karibu na mto, wakati mafundi wa Barabara ya Kirinyaga wanapoanza kufungua milango yao ya mabati. Nimekuwa nikishukia huko kwa zaidi ya miaka hamsini. Barabara hiyo ilipewa jina la Kirinyaga baada ya uhuru, lakini mwenye gari bovu akitaka kipuri cha bei nafuu hasemi anakwenda Kirinyaga. Husema anakwenda Grogan. Mwanangu ana gereji yake huko, na ndiye aliyenifanya nianze kuwaza habari za mtu huyo ambaye jina lake limekataa kufutika.

Siku niliyofika mara ya mwisho nilimkuta mwanangu bado hajafungua. Nikapanda polepole hadi Barabara ya Kenyatta kunyoosha miguu, nikasimama mbele ya jumba la zamani la sinema ambalo sisi wa rika langu tulilijua kwa jina la Cameo. Filamu zilikwisha kuonyeshwa humo kitambo. Vijana walionipita hawakuliangalia hata mara moja, nami sikuwalaumu, maana hata mimi nililiangalia kwa miaka mingi pasipo kuliona.

Niliingia Cameo mara ya kwanza mwaka 1974. Kabla ya hapo, sinema kwangu ilikuwa ni shuka jeupe lililotundikwa ukutani penye uwanja wa soko huko Nyamira, na gari la serikali lililokuja mara chache kwa mwaka, likaegeshwa pale na jenereta yake ikinguruma hata maneno ya filamu yakawa hayasikiki vyema. Tulionyeshwa jinsi ya kuchuma majani ya chai, vidole viwili na kidole gumba, na jinsi mbu anavyoleta malaria. Watoto tulimcheka mbu kwa kuwa aliletwa mkubwa kama ndama. Basi fikiria, msomaji, kijana aliyelelewa kwa sinema ya namna hiyo akiingia ukumbi wenye viti vilivyopangwa kwa mteremko, pazia zito na giza la kweli! Filamu ilikuwa ya makarate. Sikumbuki hadithi yake. Nakumbuka tu kwamba niliketi kama mfalme, na kwamba hapakuwa na mtu aliyeniuliza nimetoka wapi.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia babu yangu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba mji huo wa Nairobi yeye anaujua kwa jambo moja tu. Ndugu yake mkubwa alipita humo mwaka wa kuchukuliwa watu, akapandishwa garimoshi, asionekane tena. Nilidhani mzee ameacha mazungumzo ya sinema akaingia mengine. Nilikuja kujua baadaye sana, kwa kusoma vitabu vya historia, kwamba alikuwa hajayaacha.

Jumba lile lilifunguliwa mwaka 1912, likiitwa Theatre Royal, wakati Nairobi ilikuwa bado mji wa mabati na tope, na barabara ile kubwa ikiitwa Sixth Avenue. Lilijengwa kwa ajili ya Wazungu waliotamani kuwa na kitu cha kwao: michezo ya kuigiza, nyimbo, na zile picha zinazotembea ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zianze kuushangaza ulimwengu. Mwaka huo huo serikali ya mkoloni ilitunga sheria ya michezo ya jukwaani na sinema, ili iwe na uwezo wa kuamua kinachofaa kuonyeshwa. Kwa miaka mingi baadaye, mojawapo ya maswali makubwa ya wakaguzi wa filamu lilikuwa kama filamu fulani inafaa kutazamwa na Mwafrika. Aliyefikiriwa kuwa na akili changa hakuruhusiwa kumwona Mzungu akiiba au akipigana, hata kama filamu yenyewe ni ya kubuni tu.

Mtu aliyeupa ukumbi huo siku yake kuu hakuwa mwigizaji, ingawa waliomsikia wangeweza kubisha. Alikuwa Ewart Scott Grogan.

Grogan alizaliwa London mwezi wa Desemba 1874, katika nyumba yenye watoto 21 wa baba mmoja. Alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge, akafukuzwa kwa utundu, na mwaka 1896 alikuwa Rhodesia akipigana upande wa wakoloni katika vita vya Wandebele. Kisha akaenda New Zealand, na huko akampenda msichana aitwaye Gertrude Watt. Mlezi wa msichana hakupendezwa na kijana asiye na kazi wala mali. Grogan akajitolea kufanya jambo ambalo halijafanywa na mtu, yaani kusafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, na ndivyo alivyofanya. Aliondoka Beira mwaka 1898, akapitia Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akafika Ujiji, akapita Kivu chini ya milima ya moto, akavuka Toro na kuufuata mto Naili katika vinamasi vya Sudan ambako karibu afe, akaingia Kairo mapema mwaka 1900. Alikuwa na umri wa miaka 25. Akaoa mwaka huo huo, akaandika kitabu, akawa mtu maarufu Uingereza nzima.

Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, kwa maana ni kisa kizuri, na ushujaa wake sioni haja ya kuukana. Lakini kila ninapokisoma nahesabu mizigo. Hema, bunduki, risasi, vyakula vya mikebe, shanga na nguo za kununulia njia, vyote hivyo vilikwenda kwa vichwa vya watu. Palikuwa na Watonga wa Ziwa Nyasa, palikuwa na Wamanyema walioajiriwa Ujiji. Wao walitembea njia ile ile, kwenye jua lile lile, tena wakiwa na mzigo, na hakuna aliyewapa mke wala umaarufu.

Alikuja Kenya mwaka 1904, akajitwalia haki za misitu mikubwa karibu na Eldama Ravine, akanunua kinamasi kando ya mto Nairobi ambacho watu walikicheka, akapata ufuo wa Mbaraki huko Mombasa. Kinamasi kilichochekwa kilikuja kuwa ardhi ya thamani kubwa mjini, na pembeni mwake ndipo mwanangu anapofungua injini za magari hivi leo. Grogan alikuwa na jicho. Aliona mji mahali wengine walipoona vyura.

Hata hivyo, sifa yake ya kwanza katika nchi hii haikutokana na biashara. Tarehe 14 Machi 1907, akiwa rais wa chama cha walowezi, alichukua Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta riksha, akawapeleka mbele ya nyumba ya mahakama, akawacharaza viboko hadharani, huku kundi la Wazungu likitazama. Kosa walilosingiziwa ni kumkosea adabu dada yake Grogan na rafikiye walipokuwa wakiwavuta. Hakimu alijaribu kumzuia, akapuuzwa. Grogan alishtakiwa, akahukumiwa kifungo cha mwezi mmoja, wala hakulala gerezani pamoja na wafungwa wa kawaida. Alipotoka, sifa yake kwa walowezi ilikuwa imepanda. Wale watatu walijeruhiwa vibaya. Ninachotaka msomaji akione ni mahali penyewe. Hakuwapigia kichakani. Alichagua mlango wa mahakama, penye watazamaji, kama mtu anayejua thamani ya jukwaa.

Jukwaa lenyewe alilipata miaka minane baadaye. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimefika hata kwetu. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakauteka mji wa Kisii, ambao wazee wetu waliuita Bosongo, mahali pa Wazungu. Waingereza wakaja, pakawa na mapigano makali tarehe 12, na pande zote mbili zilipoondoka, Abagusii walishuka mjini wakachukua walichokikuta madukani na ofisini. Walidhani ya Mzungu yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Serikali ilirudi, ikatoza ng'ombe kwa nguvu, na tangu hapo jina la Kisii likawa limewekwa alama katika daftari.

Kufikia katikati ya mwaka 1915 vita vilikuwa vimezorota. Walowezi wengi waliokimbilia jeshi mwanzoni walikuwa wamerudi mashambani kwao, na Uingereza ilikuwa ikilalamika kuwa watu wake huku wanastarehe. Ndipo mwezi wa Septemba ukaitishwa mkutano mkubwa katika Theatre Royal. Walifurika humo walowezi kutoka kila upande wa nchi, na Grogan, ambaye sasa alikuwa kapteni wa upelelezi na mwenye umri wa miaka 40, akapanda jukwaani. Wote walioandika habari za siku hiyo wanakubaliana kwamba ilikuwa hotuba kubwa kuliko zote alizopata kutoa, na alitoa nyingi. Aliwaaibisha, akawachekesha, akawatia uchungu, mwishowe wakasimama kwa vishindo wakitaka serikali iwaandikishe jeshini kwa lazima, wao na mali zao. Muda si muda Gavana Belfield akaunda Baraza la Vita ambamo walowezi walipata viti, na kabla mwaka haujakwisha sheria ya kuwaandikisha Wazungu kwa lazima ikawa tayari.

Hapa lazima niwe mwadilifu. Grogan siku ile alikuwa akiwasemesha Wazungu wenzake. Sheria ya kuwachukua Waafrika kwa lazima kuwa wachukuzi wa jeshi ilitungwa na serikali mwaka huo wa 1915, wala haikuhitaji hotuba yake. Sheria ya kumwandikisha kila mwanamume Mwafrika, ile iliyotuletea kipande cha kuvaliwa shingoni, ni ya mwaka huo huo pia, ingawa ilianza kutumika baada ya vita. Siwezi basi kusema kwamba mtu mmoja, kwa hotuba moja, ndiye aliyemchukua ndugu wa babu yangu. Lakini nasema hivi: ukumbi ule ulikuwa mahali ambapo watu wachache walijipa haki ya kuamua kwamba nchi nzima sasa ni ya vita, na katika nchi hiyo nzima wao walikuwa maelfu machache tu. Wengine wote hawakuwa na kiti humo ndani.

Mwaka 1917 mambo yaliiva. Jeshi lilikuwa limewafukuza Wajerumani hadi kusini mwa Tanganyika, mbali na reli, na bila wachukuzi lisingeweza kula. Serikali ikamteua John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza kwa miaka kumi na kuijua Kisii vizuri, asimamie msako wa watu. Katika miezi michache walipatikana zaidi ya 100,000. Machifu walipewa idadi, nao wakawatuma askari wao usiku. Babu yangu alikuwa kijana mdogo. Alisimulia kwamba walikuja jogoo la kwanza, wakazingira boma, na kwamba kaka yake angeweza kukimbilia kwenye migomba lakini aliogopa watamchukua baba yao badala yake. Akatoka mwenyewe. Walifungwa kamba wakapelekwa Bosongo, kutoka huko kwa miguu hadi Kisumu, kisha garimoshi.

Vitabu vinaeleza yaliyofuata. Watu waliozoea uji na ugali wa wimbi walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka haraka ukiwa nusu mbichi, wakashikwa na kuhara damu. Wengine waliuawa na malaria, wengine na nimonia, wengine na uchovu mtupu. Hesabu ya serikali yenyewe ilitaja wachukuzi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huona kwamba walikuwa wengi kuliko hapo. Mishahara ya maelfu ya marehemu hao haikuwafikia jamaa zao. Nairobi na London ziliandikiana barua juu ya fedha hizo kwa miaka mingi, na jibu likabaki kwamba wenyewe hawajulikani. Katika boma letu wenyewe walikuwa wanajulikana sana. Mama yao aliishi hadi miaka ya 1930 akingoja.

Baada ya vita Grogan aliendelea kustawi na kufilisika kwa zamu, maana alikuwa mtu wa kukopa na kuthubutu. Mwaka 1928 alifungua Torr's Hotel, jengo la matofali mekundu kwenye barabara ile ile ya ukumbi wa sinema, ambamo Wazungu walicheza dansi jioni. Baadaye likageuka benki. Alilima mkonge Taveta, akajijengea nyumba kama ngome juu ya kilima, na katika Baraza la Kutunga Sheria aliendelea kuwaumbua magavana hadi miaka ya 1950. Mkewe alifariki mwaka 1943, naye Grogan akatoa ardhi Muthaiga pajengwe hospitali ya watoto kwa kumbukumbu yake, ile iitwayo Gertrude's. Ilifunguliwa mwaka 1947 na inaponya watoto hadi leo. Mtu si kitu kimoja. Mkono ulioshika kiboko mwaka 1907 ndio ulioitia sahihi hati ya ardhi hiyo, nami sina mizani ya kupimia jambo la namna hiyo.

Aliuona uhuru wa Kenya. Aliuza alivyouza, akaondoka, akafia Cape Town mwezi wa Agosti 1967, akiwa na umri wa miaka 92, katika mji ule ule ambao jina lake liliunganishwa nao tangu ujana. Kufikia wakati huo Sixth Avenue ilikuwa imeitwa Delamere Avenue, na Delamere Avenue ikaitwa Kenyatta. Theatre Royal ilikuwa Cameo. Milango ilikuwa wazi kwa kila mwenye fedha ya tikiti, na ndiyo maana kijana kutoka Nyamira aliweza kuketi humo mwaka 1974 na kutazama watu wakirushiana mateke.

Haikudumu. Katika miaka ya 1980 zilikuja kanda za video, na mtu akaweza kutazama filamu nzima sebuleni, au katika kibanda cha mabati sokoni kwa shilingi chache. Hata kwetu Kisii vibanda hivyo vilizagaa, vikiwa na benchi za mbao na jenereta inguruma kama ile ya gari la serikali. Majumba makubwa ya Nairobi yakaanza kuzimika moja baada ya jingine. Mengine yaligeuka makanisa, na mahubiri yakashika nafasi ya kung fu, mengine maduka. Cameo nayo ikazima taa. Wako wanaosema majumba haya yabomolewe kwa kuwa hayana faida tena, na kwamba ardhi ya katikati ya mji haiwezi kulala bure. Nakiri zamani nilikuwa mmoja wao. Kule Kisii nimeona nyumba za maduka ya kale ya Wahindi zikiangushwa ili pajengwe ghorofa, nami nilishangilia, maana paa zake zilikuwa zikivuja.

Sishangilii tena. Ukumbi huu ukiangushwa, hotuba ya Grogan haitapotea, kwa sababu imo vitabuni. Kitakachopotea ni mahali pa kusimama mtu kama mimi na kupima kwa macho umbali kati ya mlango ule na mambo mengine ya barabara hiyo hiyo. Kipande House ipo upande mmoja, walikoandikiwa baba zetu. Na katikati ya barabara zipo sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa katika miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika wa vita vile. Mmojawapo si askari. Ni mchukuzi, hana bunduki. Watu hupumzika kwenye kivuli karibu naye wakila njugu. Nilikaa hapo siku ile kama nusu saa, nikimtazama usoni, ingawa najua fundi aliyemchonga hakuwahi kumwona mtu wa kwetu.

Simu ikalia. Alikuwa mwanangu, amekwisha kufungua. Yeye ana jina la yule ndugu wa babu, maana kwetu jina la aliyepotea haliachwi lipotee, na lilimpitia baba yangu kwanza kabla ya kumfikia yeye. Nilipofika gereji nilimkuta chini ya gari, amejilaza kwenye katoni, akizungumza kwa simu na mteja aliyekuwa amepotea njia. Alikuwa akimwelekeza kwamba asihangaike kutafuta Kirinyaga, amwulize mtu yeyote tu ilipo Grogan.